Wategemezi

Saa tano usiku, zahanati moja ya Buguruni.
Jenereta ya jirani inakoroma ukutani
na mimi naibembeleza seva ipokee programu mpya
ya majibu ya maabara.

Imegoma.

Sikasiriki bado. Nasoma herufi nyeupe polepole
kama mtu aliyeletewa barua ya mahakama:
kifurushi kipya kinataka maktaba toleo la tatu,
iliyopo ni la kwanza.
Naipandisha.
Printa ya lebo inainuka: mimi namtegemea wa kwanza,
akitoka natoka naye.
Namrudisha wa kwanza.
Programu mpya inakunja mikono.

Sinyati, mlinzi, anachungulia mlangoni.
"Imekubali?"
"Bado."
Anaguna kwa sauti ya chini, kama aliyeuliza hali ya mgonjwa.

Tegemezi. Neno hili sikulijua kwenye kompyuta kwanza,
nililijua kwenye fomu ya bima:
mama, Tunu, watoto wawili wa marehemu kaka,
nafasi zikaisha,
wa tano nikamwandika pembeni kwa peni
na karani akamkata.
Kila mmoja ana haki yake, na zote huja tarehe moja.
Mshahara nao una toleo moja tu,
halijapandishwa tangu nihamie Kimara.

Saa saba. Kifurushi cha intaneti kinakata
kabla kifurushi cha programu hakijashuka.
Lugha yetu imeviita jina moja,
sijui kwa ubahili au kwa utani.
Nanunua kingine, cha usiku.

Nafuta. Naweka. Nafuta.
Kisha nafanya lile nililokatazwa chuoni
nisilifanye nikiwa na usingizi:
naongeza neno la mabavu mwishoni mwa amri.
Seva inatii.
Inatii kama mtoto aliyechapwa,
na baada ya dakika moja zote mbili zimelala,
printa na programu,
na kesho saa moja asubuhi benchi la nje litajaa watu
wenye vikopo mikononi.

Ndipo nikaacha kuamuru, nikaanza kutafuta.
Hiyo maktaba ya kwanza nani aliileta?
Hakuna kifurushi kinachoidai kuwa yake.
Imekaa pembeni, imejengwa kwa mkono miaka minne nyuma,
na juu yake karatasi ya maneno machache:
USIGUSE. NITARUDI KUREKEBISHA. NGWANDU.

Ngwandu yuko Kahama siku hizi, anauza pampu.
Simu inaita mara mbili tu, anapokea.
"Hicho kitu bado kinapumua?" Anacheka mpaka anakohoa.
"Usiwalazimishe kukaa chumba kimoja, ndugu yangu."

Chumba.
Nyumba ninayopanga ilikuwa na mita moja ya LUKU, wapangaji sita,
kila mwezi vita ya pasi na friji.
Bi Mwahija, mwenye nyumba, akachoka kuamua,
akamfungia kila mtu mita yake.
Ugomvi ukafa wiki hiyohiyo.
Hatupendani zaidi.
Tunasalimiana.

Basi nikajenga kuta ndani ya seva:
huku printa na mzee wake wa toleo la kwanza,
kule mgeni na maktaba yake ya tatu,
katikati kijidirisha cha kupitishia majibu,
hakuna anayeshika sufuria ya mwenzake.

Saa kumi na robo printa ikakohoa,
ikatoa lebo moja, imepinda kidogo:
MGONJWA WA MAJARIBIO, UMRI 0.
Sinyati akaibandika kwenye mkono wa koti lake
akarudi getini bila kuuliza kitu.

Kabla ya kufunga nikaandika chini ya maneno ya Ngwandu:
Usiguse chumba cha kushoto. Nitarudi.
Nikayasoma.
Nikafuta "nitarudi",
nikaacha namba ya simu.